Watoto Wadogo katika Muchezo wa Kuchekesha: Watu Wanamucheka Nani?



Kila mara parokia inapofanya sikukuu, Noeli, Pasaka, siku ya mutakatifu musimamizi ao kufunga mwaka wa masomo, watoto wadogo wanapandishwa jukwaani. Wanavikwa nguo zinazopita mwili wao, wanafundishwa maneno ya kusema, na wakubwa wachache wanacheza pamoja nao. Muchezo ukiisha, padri na wakatekista wanaulizana neno moja tu: "Watu walicheka?" Wakisikia kama watu walicheka sana, wanafurahi na kusema muchezo ulikuwa muzuri.

Mimi naona kama swali lile halitoshi. Kuna kicheko kinachojenga na kuna kicheko kinachobomoa, na vyote viwili vina sauti moja. Kwa muchezo wa kuchekesha unaochezwa na watoto wa miaka sita, saba ao nane, tunapashwa kuuliza neno la pili: "Watu walimucheka nani?" Neno hili ndilo ninalotaka kulipima hapa kwa mifano miwili: muchezo mudogo nilioucheza mimi mwenyewe pamoja na watoto wa parokia moja, na onyesho moja la Molière ambalo wengi wetu tulilisoma katika seminari ndogo pasipo kuliangalia sana.

I. Eklezya na michezo

Kwanza tukumbuke kama Eklezya haikatazi furaha ya michezo. Mutakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake (II-II, swali la 168), anafundisha kama roho ya mutu inachoka sawa na mwili, na mapumziko yake ni michezo na masemi ya kufurahisha. Kujua kufanya hivi kwa kiasi ni wema, nao anauita kwa jina alilolitwaa kwa Aristoteli: eutrapelia. Anaongeza kusema kama kazi ya wachezaji wa teatre si zambi kwa yenyewe, wakiifanya kwa kiasi, pasipo maneno ao matendo mabaya, na kwa wakati unaofaa.

Wayezuiti, katika sheria zao za masomo za mwaka 1599, Ratio Studiorum, walikubali tragedia na komedia kwa Kilatini, lakini mara chache sana, na juu ya habari takatifu na za ibada. Don Bosco alikwenda mbele kupita pale. Mwezi wa Desemba 1849, katika nyumba yake ya Valdocco mujini Torino, vijana wake walicheza masemezano ya kuchekesha juu ya vipimo vipya vya metri, litri na kilo, kwani katika ufalme wao sheria ya vipimo vile ilipashwa kuanza kutumika mwaka 1850. Watu walicheka, na walirudi nyumbani wakijua kupima. Mwaka 1858 aliandika sheria za teatre ndogo ya nyumba zake, akitaka michezo ifurahishe, ilee na kufundisha. Wasalesiani waliofika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, walikuja na roho ile ile. Na Konsilio ya pili ya Vatikano, katika dekreto Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ilitaka teatre ilee utu na tabia njema ya watazamaji.

Haya yote ni mazuri. Lakini sisi tukisoma sheria hizi, mara nyingi tunawaza juu ya watazamaji tu: wasione kibaya, wasisikie kibaya. Tunamusahau mutu wa kwanza ambaye muchezo unamulea ao unamuharibu, ndiye mutoto anayecheza.

II. Muchezo wetu

Parokia moja iliniomba kusaidia muchezo wa Noeli. Tulichagua habari inayojulikana kwa wazee wetu wengi. Muzee mumoja mwenye choyo amepika kuku. Anasikia wageni wanakuja. Anamwambia bibi yake aseme kama yeye ni mugonjwa. Wageni wanakaa chini wangoje apone. Anamwambia aseme kama amekwisha kufa. Wageni wanaanza kilio. Na kwa kuwa watu wa kilio wanapashwa kula, wanamukula kuku wote mbele ya macho ya maiti, wala maiti hana ruhusa ya kusema neno.

Mimi nilicheza muzee. Mama mumoja wa parokia alicheza bibi yangu. Wageni walikuwa watoto kumi na wanne wa miaka mitatu ya kwanza ya masomo ya musingi. Kila mutoto alipewa neno lake. Tulijaribu muda wa wiki tatu: mwalimu anasema neno, mutoto analirudilia, tena na tena, hata analijua kama anavyojua mbili mara mbili.

Siku yenyewe ilifika, na sala ilijaa. Musichana mudogo wa miaka sita alipashwa kupiga magoti karibu na kichwa changu na kusema: "Ee baba yetu, umetuacha na nani?" Alipiga magoti vizuri. Aliangalia watu. Neno likapotea. Pakawa kimya. Mutu mumoja kule nyuma akaanza kucheka kidogo. Na mimi, maiti, nikafanya jambo ninalolionea haya mpaka leo: nilifungua jicho moja, nikaangalia watu, nikamuonyesha mutoto kwa kidole, kama vile kusema, "Muone huyu." Sala nzima ikalipuka kwa kicheko.

Sitaficha neno: nilisikia utamu wake. Niliwaza kama nimeokoa muchezo. Lakini mutoto hakujua kitu juu ya jicho langu. Alijua tu kama amesahau, na kama watu wote wa parokia, na mama yake katikati yao, wanacheka. Hakulia. Alibaki pale juu ya magoti, mikono juu ya mapaja, mpaka rido ilipofungwa.

Watu walitupongeza. Wengine walisema ile ndiyo ilikuwa saa nzuri kupita zote. Lakini tulipopashwa kuucheza tena Jumapili iliyofuata, mutoto hakuja. Mama yake alinisalimu kwa heshima na kuniambia: "Mutoto amechoka, Padri." Hakuongeza neno.

Nilipima kosa letu, na nikaona kama si la mutoto. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza lilifanyika wakati wa kutengeneza muchezo: tulimupa mutoto neno la mujane, ambalo hakuna mutoto wa miaka sita anayelisema kilioni. Neno lile halikutoka ndani yake. Kwa hiyo, lilipopotea, hakuwa na njia ya kulifuata. La pili lilifanyika wakati wa kucheza: mutoto alipoanguka, mimi mukubwa nilipanda juu yake ili nionekane.

III. Louison na baba yake

Sasa tufungue Le Malade imaginaire, muchezo wa mwisho wa Molière. Ulichezwa mara ya kwanza Paris tarehe 10 Februari 1673. Molière mwenyewe alicheza Argan, mutu anayejiwazia kuwa mugonjwa; naye kwa kweli alikuwa mugonjwa, hata tarehe 17 Februari, kisha kuucheza mara ya nne, alikufa usiku ule. Katika sehemu ya pili, onyesho la 8, anaingia Louison, binti mudogo wa Argan. Anaingia mara moja tu, wala harudi tena. Wakati ule aliyeingia alikuwa binti wa Beauval na bibi yake, wachezaji wa kundi la Molière. Na mama yake alikuwa akicheza Toinette, mutumishi wa nyumba, katika muchezo ule ule.

Onyesho ni hivi. Argan amesikia kama kijana mumoja alionekana katika chumba cha Angélique, binti yake mukubwa, na kama Louison alikuwa pale. Anamwita mutoto na kumuuliza kama hana neno la kumwambia. Mutoto anajibu kama anaweza kumusimulia hadisi ya Ngozi ya Punda, ao ile ya Kunguru na Mbweha. Baba anakasirika, anatwaa fimbo. Mutoto anaomba huruma; kisha anajiangusha chini na kusema kama amekufa. Baba anatupa fimbo na kuanza kulia. Mutoto anamuonea huruma, anamwambia asilie sana, kwani hajafa kabisa. Ndipo anasimulia mambo yote. Baba anamutisha tena kwa kidole chake kidogo, kinachojua, asema, mambo yote. Mutoto anajibu kama kidole kile kinasema uongo.

Goethe, mwandishi mukubwa wa Udachi, alipozungumza na Eckermann mwaka 1826, alitoa onyesho hili kuwa mufano wa mutu anayejua kazi ya teatre kweli kweli. Sisi tunaocheza na watoto tulisome kwa macho yetu. Naona ndani yake mambo manne.

La kwanza: mutoto hafanyi jambo asilolijua. Kuficha siri ya dada, kutoa hadisi mahali pa jibu, kulia mbele ya fimbo, kujifanya maiti: ni mutoto gani wa Bukavu ao wa Kalemie asiyekwisha kufanya haya? Neno likipotea, tendo linamurudisha njiani.

La pili: anayechekwa ni Argan. Louison hachekeshi kwa sababu ni mudogo, wala kwa sababu anakosea. Watu wanacheka kwani baba, mwenye nyumba na mwenye fimbo, anashindwa na mutoto anayemufikia kiunoni.

La tatu: mutoto ana kazi katika muchezo wote. Katika sehemu ya tatu, Argan naye anajifanya maiti, kwa shauri la Toinette, apate kujua ni nani anayemupenda. Bibi yake anafurahi kuona amekufa, Angélique analia. Basi mutoto alitangulia kufanya kile ambacho wakubwa wanakifanya nyuma. Molière hakumuweka pale kama ua juu ya meza.

La ine: muchezaji mukubwa anamubeba mudogo. Argan ndiye anayeuliza, mutoto anajibu. Mutoto akipotea, Argan anaweza kuuliza tena kwa njia ingine, wala watazamaji hawatajua. Aliyekuwa mukubwa wa kundi lote, na mugonjwa wa kufa, alikubali kuonekana mujinga mbele ya mutoto, ili mutoto asimame.

Mimi nami nilikuwa maiti siku ile. Lakini nilikuwa maiti asiyekubali kufa.

IV. Makosa tunayoyaona

Kwa mwanga huu tunaweza kuhukumu michezo yetu mingi. Kosa moja ni kumufanya mutoto kasuku: anasema Kifaransa asichokisikia, kwa sauti moja, macho yakimutafuta mwalimu aliyejificha nyuma ya rido. Kosa lingine ni kumufanya mutu mukubwa mudogo. Tunamuvika koti la mulevi, ao tunamupaka rangi midomoni na kumufundisha kutembea kama musichana anayetafuta muchumba. Watu wanacheka sana, ni kweli. Lakini wanacheka kwa sababu jambo lisilomufaa mutoto limewekwa juu yake, naye hajui maana yake. Yezu alisema maneno makali sana juu ya mutu anayemukwaza mumoja wa wadogo hawa. Tusiwaze kama jukwaa liko inje ya maneno yale.

Kosa la tatu ni la wakubwa wanaocheza pamoja nao. Mukubwa mwingine anataka kuwa mutoto kupita watoto: anabadilisha sauti, anarukaruka, anavuta macho yote kwake. Mwingine anatafuta urafiki wa watazamaji juu ya migongo ya watoto, kama nilivyofanya. Na siku hizi kosa hili halimaliziki jioni ile. Watu wanainua telefone zao, na haya ya mutoto inatembea kutoka nyumba hata nyumba, mpaka anakuwa kijana.

V. Wengine watasema

Katekista mumoja aliniambia: "Padri, watu wale hawakumuchukia mutoto. Walicheka kwa upendo." Neno lake lina kweli ndani yake. Mama anacheka mutoto wake anapokosea kusema, na hakuna kibaya. Lakini mutoto anamujua mama. Anaona uso wake. Jukwaani haoni upendo wa watu wengi, anasikia sauti yao tu. Kwa hiyo natoa alama moja nyepesi ya kupimia: mutoto mwenyewe anaweza kucheka pamoja nao? Akiweza, kicheko ni chake pia. Asipoweza, kimechukuliwa kwake.

Museminari mumoja aliuliza: "Lakini onyesho la Molière linafundisha uongo. Mutoto anamudanganya baba, na anafaulu." Ni swali zuri. Kweli Louison anadanganya. Lakini tuangalie uongo unakwisha namna gani: si fimbo inayoumaliza, ni machozi ya baba. Mutoto anaona baba analia, naye hawezi tena kubaki maiti. Huruma ndiyo inayofungua kinywa chake. Mulezi mwenye akili anaweza kusema mengi na watoto juu ya neno hili.

Mimi nina shaka ingine, nayo ni ya fimbo. Paris ya mwaka 1673 fimbo ilikuwa jambo la kila nyumba. Na kwetu wako watoto wanaopigwa kweli, wengine kwa ukali. Sitamusimamisha mutoto wa namna ile mbele ya fimbo ili watu wacheke. Basi onyesho linaweza kuwa zuri kabisa, na lisimufae mutoto huyu. Anayechagua muchezo anapashwa kuwajua watoto wake kwanza, kisha vitabu.

VI. Njia iliyo karibu nasi

Hatulazimiki kwenda mbali kutafuta namna bora. Kundi la Mufwankolo, la Lubumbashi, lililochekesha watu wengi kwa Kiswahili katika radio na televisheni, halikuanza na maneno yaliyoandikwa. Mwaka 1986 walitengeneza muchezo unaoitwa Le pouvoir se mange entier. Walianza na usemi mumoja juu ya utawala; waliuzungumzia maana yake, wakakata habari vipande vipande, kisha kila muchezaji alitafuta maneno yake mwenyewe. Johannes Fabian alikuwa pamoja nao, akaandika kazi ile katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Wale walikuwa watu wazima wenye ufundi. Lakini njia yao inawafaa watoto wasiojua bado kusoma kupita njia yetu ya kasuku.

Tena ni njia ya watoto wenyewe. Evangelio ya Luka (7, 32) inatuonyesha watoto wanaokaa sokoni na kuitana: hawa wanacheza arusi, wale wanacheza kilio. Hakuna mwalimu aliyewaandikia maneno. Yezu aliwaangalia, na akatwaa muchezo wao kuwafundisha wakubwa.

Kwa Jumapili ile ya pili, basi, tulitupa makaratasi. Tuliwauliza watoto: "Mutu akifa kwenu, ninyi munafanya nini?" Mumoja alisema: "Tunaleta kuni." Mwingine: "Tunatumwa kuchota maji." Mwingine: "Tunangoja chakula." Kijana mudogo wa miaka saba akauliza: "Namna gani watajua kama amekufa kweli? Tumutekenye miguu." Tukaweka yote katika muchezo. Walileta kuni, walileta maji, walikaa kungoja kuku pasipo kuficha hamu yao. Yule wa miaka saba alinitekenya miguu kwa muda murefu, naye nilimuachia. Yeye alicheka, wenzake walicheka, muchezo haukuharibika. Na watu walicheka kwa nguvu, kwani maiti alikuwa akitetemeka na kuku alikuwa akikwisha. Hakuna mutoto aliyesahau kitu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kusahau.

Sisemi kama maneno ya kushika kwa kichwa ni mabaya. Mutoto wa miaka kumi anaweza kuyashika na kuyapenda, na kuyashika kunamufaa. Nasema tu kama kwa wadogo kabisa tendo litangulie neno, na mukubwa akae chini ya mutoto, si juu yake.

Nyuma ya Noeli nilikwenda kwa yule musichana. Alikuwa akichambua maharagwe pamoja na mama yake. Nilimuomba musamaha. Nilimuelezea kama watu hawakumucheka yeye, walinicheka mimi, kwani nilifungua jicho. Aliwaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kwa nini ulifungua jicho?"

Sikupata jibu la kumupa. Ninyi mutakaocheza na watoto katika sikukuu zinazokuja, wapadri, waseminari, wakatekista, mujiulize swali lake mbele ya kupanda jukwaani. Na kama mumepewa kuwa maiti, mubaki maiti.